Kompyuta kuukuu ya kituo: diski ipi itaitunza kazi yetu?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilikuwa ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kilichofungiwa katika kabati la mkuu wa kituo, na ufunguo ukawa mfukoni mwake. Leo hii, katika vituo vya polisi na katika ofisi za vikosi vyetu, daftari limehamia ndani ya kompyuta. Na kompyuta yenyewe, mara nyingi, ni kuukuu.

Hapa Gudele, upande wa magharibi wa jiji la Juba, mtaa uliokua kwa kasi kubwa baada ya Mapatano ya Amani ya mwaka 2005, hali hiyo yaonekana dhahiri. Nchi yetu haina bahari. Bidhaa hutoka bandari ya Mombasa, zikapita Uganda, zikaingia Nimule, kisha zikapanda barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilishwa mwaka 2012 hadi Juba. Kompyuta nyingi zinazofika kwa njia hiyo zilikwisha kutumika ughaibuni kwa miaka kadhaa. Zikifika kwetu hupangiwa kazi nyingine ya miaka mingi, na si ajabu kuikuta mashine ya mwaka 2010 au 2012 ikiandika taarifa za kila siku.

Malalamiko ya watumiaji ni yale yale. Ukibonyeza kitufe asubuhi, waweza kunywa chai ukaimaliza kabla mashine haijawa tayari. Ukifungua jalada moja, la pili lagoma. Hapo wengine husema mashine itupwe, na wengine husema ibadilishwe diski. Wale wanaotaka ibadilishwe diski hukutana na swali jingine dukani: je, wanunue diski ngumu ya kawaida, ile inayozunguka, ambayo wauzaji huiita HDD? Au diski ya chipu, iitwayo SSD? Au ile chotara, iliyochanganya zote mbili, iitwayo SSHD? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa mujibu wa mazingira yetu, wala si kwa mujibu wa ofisi zenye viyoyozi na umeme usiokatika.

SI JAMBO LA MAFUNDI PEKE YAO

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini swali hili linamhusu askari. Diski ndiyo ghala la kompyuta. Sehemu nyingine zote zikiharibika, kama kioo, kibodi au chaja, hununuliwa nyingine na kazi ikaendelea. Diski ikifa, hukinunui dukani kile kilichokuwamo ndani yake.

Fikiri juu ya mahabusu ambaye maelezo ya mashahidi wake yamo katika diski iliyokufa. Hawezi kufikishwa mahakamani sawasawa, wala hawezi kuachiliwa kwa uhakika. Na yule aliyeibiwa au aliyejeruhiwa naye hapati haki yake. Fikiri juu ya mjane wa askari ambaye jina la mumewe lilikuwa katika orodha iliyopotea. Huanza upya safari ya kutoka ofisi hadi ofisi, akitafuta mtu wa kushuhudia kwamba marehemu aliwahi kuvaa sare. Diski mbovu, basi, si hasara ya kifaa tu. Ni hasara ya haki ya mtu.

Zaidi ya hayo, sisi tuliokuwapo Juba mwezi Desemba 2013 na mwezi Julai 2016 hatuhitaji kuelezwa jinsi ofisi inavyoweza kupotea kwa siku moja. Hivyo kuchagua diski ni sehemu ya kazi ya ulinzi, sawa na kuchagua mahali pa kuweka ghala la silaha.

DISKI NGUMU INAVYOFANYA KAZI

Diski ngumu ni chombo cha zamani. Kampuni ya IBM ya Marekani ndiyo iliyoleta ya kwanza mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, uzito wake ulizidi tani moja, na uwezo wake wote ulikuwa herufi milioni 5 tu. Leo kisanduku cha inchi mbili na nusu, kinachoenea kiganjani, hubeba maelfu ya maelfu ya kiasi hicho. Lakini kanuni haikubadilika: sahani yenye sumaku huzunguka, na mkono mwembamba hupita juu yake ukisoma na kuandika, mfano wa sindano ya gramafoni, ila mkono huu haugusi sahani. Huelea juu yake kwa pengo dogo mno, dogo kuliko hata chembe ya moshi.

Hapo ndipo ulipo ubora wake na udhaifu wake. Ubora ni kwamba sahani hubeba vitu vingi kwa bei nafuu, na yaliyoandikwa humo hukaa miaka hata kama umeme haupo. Udhaifu ni kwamba kila kitu hungoja mzunguko. Sahani ya kompyuta nyingi za mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ili kipande kinachotakiwa kifike chini ya mkono, kwa wastani hapana budi kungoja nusu ya mzunguko, kama elfu 5 na nusu za milioni moja ya sekunde. Ongeza na muda wa mkono wenyewe kusogea, ambao huwa mrefu kuliko huo. Matokeo yake ni kwamba diski ya namna hii hufikia vipande vidogo vilivyotawanyika takriban 60 tu kwa sekunde moja.

Sasa basi, kompyuta inapoamka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Ni kama mtunza ghala mmoja anayetumwa kuleta risasi moja moja kutoka rafu mbalimbali. Hata akiwa hodari, wenzake watangoja. Hiyo ndiyo sababu mashine yenye ubongo mzuri huonekana mzee: si ubongo uliochoka, bali ni ghala linalochelewa.

DISKI YA CHIPU

Diski ya chipu haina sahani wala mkono. Imetengenezwa kwa kumbukumbu ya namna ile ile iliyomo ndani ya simu na flashi, iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, hakuna kinachongojewa. Kipande chochote hufikiwa kwa muda ulio chini sana ya elfu moja ya sekunde, na vipande vidogo husomwa kwa maelfu mengi kila sekunde.

Wengi huogopa wakisikia kwamba mashine yao kuukuu haina njia ya kasi ya kisasa. Hofu hiyo yapasa kupimwa kwa hesabu. Njia iitwayo SATA ilikuja kwa vizazi vitatu: cha kwanza hupitisha takriban megabaiti 150 kwa sekunde, cha pili 300, na cha tatu, kilichotangazwa mwaka 2009, 600. Diski ya chipu ya kawaida huweza kutoa kama megabaiti 500. Ukiifunga katika mashine ya kizazi cha pili, itabanwa isizidi 300. Hata hivyo, diski ngumu ya mpakato hutoa kama megabaiti 100 tu, tena pale inaposoma kwa mfululizo. Kwa kazi ya vipande vidogo, ambayo ndiyo kazi ya ofisi, mlango mwembamba hauipunguzii diski ya chipu faida yake kubwa. Kwa hiyo mashine ya zamani ndiyo inayonufaika zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikichelewa zaidi.

Diski ya chipu nayo ina kasoro zake, na ni wajibu wetu kuzitaja. Kwanza, kila chumba cha kumbukumbu huandikwa mara kadhaa kisha huchakaa. Pili, diski ngumu inapougua mara nyingi hulia au husitasita, ikakupa nafasi ya kuokoa mali. Ya chipu yaweza kuzimika ghafla bila dalili, na kuyatoa yaliyomo baada ya hapo ni kazi ngumu na ya gharama. Tatu, kwa ukubwa wa terabaiti nyingi, bei yake ingali juu ya ile ya diski ngumu.

Kuhusu kuchakaa, tusiogope kupita kiasi. Watengenezaji hutaja kiasi ambacho diski itaandikwa kabla ya dhamana kwisha. Kwa diski ya bei nafuu ya gigabaiti 240, kama ile ya Kingston iitwayo A400, kiasi kilichotajwa ni terabaiti 80. Ofisi inayoandika gigabaiti 10 kila siku, nayo ni ofisi yenye kazi nyingi kweli kweli, huandika chini ya terabaiti 4 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo kiasi kile kingetosha miaka zaidi ya 20. Mashine yenyewe itakuwa imekwisha kwenda jalalani.

DISKI CHOTARA

Diski chotara ilizaliwa wakati diski za chipu zilipokuwa ghali mno. Kampuni ya Seagate ilizitoa mapema, na ile yake ya mwaka 2010, iliyoitwa Momentus XT, ilikuwa na sahani za hadi gigabaiti 500 pamoja na gigabaiti 4 za chipu. Diski hiyo hujifunza: huangalia ni vitu gani vinaombwa kila siku, ikaviweka nakala katika chipu. Baada ya kuwasha mashine mara kadhaa, mwamko huwa mwepesi. Ukiomba kitu ambacho hakikuwa katika mazoea yake, hurudi kwenye sahani, na mwendo ukawa ule ule wa zamani.

Lilikuwa wazo jema kwa wakati wake. Lakini sababu iliyolizaa imepungua nguvu, kwani bei ya diski za chipu ilishuka sana katika miaka iliyofuata. Siku hizi diski chotara ni adimu madukani, na zile zinazopatikana mara nyingi zimekwisha kutumika. Ndani yake mna sahani inayozunguka, kwa hiyo ina udhaifu wote wa sahani mbele ya mtikisiko; mna pia chipu, kwa hiyo ina vitu viwili vinavyoweza kuharibika. Tukikuta mashine ambayo tayari ina diski chotara nzima, hatuna haja ya kuing'oa kwa haraka. Lakini kuinunua leo kwa ajili ya kompyuta ya ofisi hatushauri.

JOTO, VUMBI, UMEME NA BARABARA

Mpaka hapa tumesema mambo ambayo yangekuwa kweli katika mji wowote. Sasa tuyapeleke Gudele.

La kwanza ni joto. Mwezi Machi 2024 Serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45 za sentigredi, na mwezi Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa majuma mawili baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Joto hilo humpata mtu kivulini. Ndani ya sanduku la kompyuta huwa kali zaidi. Diski ngumu nyingi zimepangiwa kufanya kazi hadi nyuzi 60 hivi, na za chipu hadi 70. Nafasi ya nyuzi 10 si kubwa, lakini ni nafasi. Muhimu zaidi ni feni. Mashine ambayo feni yake imezibwa na vumbi itaua diski ya aina yoyote.

La pili ni vumbi lenyewe. Kuna wanaodhani kwamba vumbi huingia ndani ya diski ngumu na kuikwaruza. Sivyo ilivyo. Diski ngumu imefungwa, na zile zenye tundu la kupumulia zina chujio. Atakayeingiza vumbi ni fundi anayeifungua kwa bisibisi mezani ili aitazame. Diski ngumu isifunguliwe kamwe nje ya chumba maalumu. Vumbi la kiangazi hudhuru kwa kuziba njia za hewa, na dawa yake ni brashi laini kila mwezi, sawa na bunduki isafishwavyo kabla haijagoma.

La tatu ni umeme. Ijapokuwa kituo cha kuzalisha megawati 33 kilianza kazi Juba mwaka 2019, nyumba na ofisi nyingi zingali zinategemea sola na jenereta. Umeme ukikatika ghafla, diski ngumu iliyo nzima hutumia nguvu ya mzunguko uliobaki kuurudisha mkono mahali pake pa usalama. Diski ya chipu ya bei nafuu haina akiba hiyo, na kilichokuwa kikiandikwa wakati ule huweza kupotea. Katika hali zote mbili jalada lililokuwa wazi huweza kuharibika. Kwa hiyo hakuna diski inayotuondolea haja ya betri ya akiba, ile iitwayo UPS. Kwa kompyuta ya mpakato, betri yake nzima ndiyo UPS yake. Tusiiache ife kisha tukaendelea kutegemea waya peke yake.

Wapo pia wanaonunua diski ya chipu ili kuokoa umeme wa sola. Faida hiyo ipo, lakini ni ndogo. Diski kubwa ya mezani hula wati 6 hadi 8, ya mpakato kama 2, na ya chipu huwa kati ya 1 na 3 inapofanya kazi. Wati hizo chache zisiwe ndizo sababu ya kununua.

La nne ni barabara. Hapa hakuna ubishi. Kompyuta ya mpakato inayopanda gari la doria kila siku, ikirushwa juu ya mashimo na makorongo ya mvua, haifai kuwa na sahani inayozunguka. Mkono unaoelea kwa pengo dogo kuliko moshi, ukirushwa, hugonga sahani, na hapo alama iliyochorwa haifutiki. Ikiwa hatuna njia ila kutumia diski ngumu, basi mashine izimwe kabisa kabla ya kuondoka, kwani mkono ukiwa umeegeshwa hustahimili zaidi. Kufunga kifuniko na kutupa mashine kitini mara hiyo hiyo ni uzembe.

UAMUZI KWA KILA HALI

Kutokana na hayo, tunashauri hivi.

Kwa kompyuta ya mpakato inayosafiri: diski ya chipu, bila kusita.

Kwa kompyuta ya mezani inayoandika majalada na barua: diski ya chipu ya gigabaiti 240 au karibu na hapo yatosha. Barua elfu kumi hazijazi hata sehemu ndogo ya nafasi hiyo, na kwa ukubwa huo tofauti ya bei na diski ngumu si ya kukesha ukiifikiria. Diski ya chipu ni ndogo kuliko nafasi iliyomo katika mashine ya mezani, kwa hiyo ulizia na kishikizo chake.

Kwa ofisi inayotunza picha na video nyingi: diski mbili. Ya chipu ibebe programu na kazi ya siku. Diski ngumu ibebe ghala. Katika mashine za mpakato zenye nafasi ya DVD, kuna kifaa cha kuweka diski ya pili mahali pa DVD. Huo ndio uchotara ulio bora, kwa sababu kimoja kikifa kingine hubaki.

Kwa mashine ya zamani mno, yenye waya mpana wa IDE badala ya SATA: tusitumie fedha ya umma juu yake. Nakili yaliyomo, kisha iache ipumzike.

Kabla ya kununua, mambo mawili yaangaliwe. La kwanza ni kumbukumbu ya muda, yaani RAM. Mashine yenye gigabaiti 2 tu itaendelea kukosa pumzi hata ikipewa diski ya chipu. Ongeza ifike 4, na kama yawezekana 8. La pili ni mfumo endeshi. Windows XP haiijui kazi ya kusafisha vyumba vya diski ya chipu, ambayo Windows 7 iliileta mwaka 2009, na ulinzi wake ulikoma mwaka 2014. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Kwa mashine hizo, mfumo wa bure kama Linux Mint ni jawabu linalofaa kujaribiwa, mradi programu za kazi zilizoamriwa na makao makuu zikubali kukaa humo.

TAHADHARI KABLA YA HATARI

Rahisi ghali, na soko la diski lina walaghai wake. Huuzwa diski zenye maandishi ya terabaiti 2 ambazo ndani yake ni chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Zitapokea majalada yako, zitaonyesha majina yake, na siku ya kuyafungua utakuta upepo. Nunua kwa muuzaji mwenye duka na risiti. Kisha ijaribu kabla ya kuiamini: programu ya bure iitwayo H2testw huijaza diski mpya na kuisoma tena mpaka mwisho, na uongo hujulikana. Kwa diski iliyokwisha kutumika, programu kama CrystalDiskInfo husoma taarifa ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe: saa ilizofanya kazi, na idadi ya sehemu zilizoharibika zikahamishwa. Idadi hiyo ikipanda kutoka juma hadi juma, usingoje.

Siku ya kubadilisha, nakala iwe ya kwanza na bisibisi iwe ya pili. Nakili yote kwenye diski ya nje, fungua majalada machache katika mashine nyingine uhakikishe yanasomeka, ndipo uondoe diski ya zamani. Diski hiyo isifutwe wala isigawiwe mpaka mpya imefanya kazi mwezi mzima.

Kwa ndugu zetu polisi kuna neno moja la ziada. Kompyuta iliyokamatwa kama kielelezo isiguswe kwa madhumuni ya kuiboresha, wala isiwashwe kwa kutaka kuona tu. Kila kuwasha huandika kitu kipya juu ya diski, na wakili wa upande wa pili atauliza ni nani aliyeandika. Ifungwe, itiwe lakiri, na daftari lionyeshe kila mkono uliopita.

SIRI YA DISKI ILIYOSTAAFU

Mwezi Aprili 2006 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba katika soko lililo nje ya kambi ya Bagram, nchini Afghanistan, flashi zilizotoka kambini zilikuwa zikiuzwa mezani kama vitunguu, na ndani yake mlikuwa na siri za jeshi la Marekani. Jeshi lenye fedha nyingi kuliko yote duniani lilivujiwa si na adui aliyeruka ukuta, bali na vifaa vidogo vilivyopita langoni mfukoni mwa mtu. Ikiwa yaliwapata wao, yatatupata na sisi tusipojihadhari.

Diski ngumu hufutika ikiandikwa upya mwanzo hadi mwisho. Diski ya chipu si hivyo: hujigawia kazi miongoni mwa vyumba vyake ili visichakae, na huacha vingine pembeni ambavyo mtumiaji havioni. Ukiiandika juu, baadhi ya maneno ya zamani yaweza kubaki. Njia iliyo salama ni kuifunga kwa neno la siri tangu siku ya kwanza, kwa programu ya kugeuza maandishi kuwa fumbo, na siku ya kustaafu kutumia amri maalumu ya diski yenyewe ya kujifuta. Kama ilibeba siri za kweli, isiuzwe hata hivyo. Ivunjwe mpaka chipu zenyewe zimesagika, mbele ya mashahidi wawili, na waweke saini.

GHALA LA MIAKA

Limebaki jambo la mwisho, ambalo wengi hulisahau. Diski ya chipu huyashika maandishi kwa chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole inapowekwa bila kuwashwa. Kipimo cha kimataifa cha diski za kawaida hudai kwamba ile iliyochakaa kabisa ishike yaliyomo kwa mwaka mmoja tu, tena katika nyuzi 30. Mpya hushika zaidi, lakini joto huufupisha muda huo, na droo ya ofisi ya Juba mwezi Machi si mahali pa nyuzi 30. Kwa hiyo akiba ya miaka isiwekwe katika diski ya chipu iliyofungiwa kabatini. Hapo ndipo diski ngumu, ambayo tumeiondoa katika gari la doria, hurudi na heshima yake: ikae mahali pakavu, itolewe mara mbili kwa mwaka, iwashwe na kukaguliwa.

Aidha, nakala moja si nakala. Majalada ya lazima yawe mahali patatu: katika kompyuta ya kazi, katika diski ngumu ya nje ndani ya ofisi, na katika diski nyingine iliyofungwa kwa neno la siri, inayotunzwa katika jengo jingine kwa idhini ya mkuu. Moto, mafuriko na vurugu havichagui diski ya chipu wala ya sahani, lakini haviwezi kuwa katika majengo mawili kwa urahisi.

Ndugu askari, fedha ya kununua kompyuta mpya kwa kila meza haitapatikana kesho. Diski moja ya chipu iliyochaguliwa vema, feni iliyosafishwa, betri nzima na nakala tatu, hivi vinaweza kupatikana. Mkuu wa ofisi asiyejua nakala ya majalada yake iko wapi leo hii na aulize kabla ya kufunga mlango jioni, naye mwenye kuitunza aioneshe.